Jina, Kiapo na Shahidi: Madai ya Pensheni ya Askari Weusi wa Marekani

Historia ya kukomeshwa kwa utumwa katika Marekani hufundishwa mara nyingi kama historia ya vita na ya matangazo. Mwanafunzi huambiwa kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1861, kwamba Rais Abraham Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi tarehe 1 Januari 1863, na kwamba mwaka 1865 vita vilikwisha na utumwa ukapigwa marufuku katika katiba. Yote hayo ni kweli. Lakini iko sura nyingine isiyokuwa na mizinga wala hotuba, nayo ni ile ya watu waliotoka vitani wakiwa na viungo vilivyokatwa, vifua vilivyoharibika na macho yaliyopofuka, wakaja kusimama mbele ya meza ya karani kudai kile walichoahidiwa na sheria. Insha hii yahusu sura hiyo, na hasa yahusu wale waliowasaidia wanyonge hao kuandika madai yao. Maana baina ya sheria na mnyonge palikuwa na bonde pana, na wachache mno waliweza kulivuka peke yao.

Sheria yenyewe ilikuwa ya ukarimu kwa zama zile. Tarehe 14 Julai 1862 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya pensheni ambayo kwayo askari wa kawaida aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi ya mikono, kwa jeraha au maradhi aliyoyapata jeshini, alistahili kulipwa dola 8 kwa mwezi. Mjane wake naye alistahili kiasi hicho hicho. Baadaye, tarehe 27 Juni 1890, ilipitishwa sheria nyingine iliyofungua mlango zaidi: askari aliyetumikia siku 90 au zaidi, akaachishwa kwa heshima, na ambaye sasa hawezi kujitafutia riziki kwa jasho lake, aliweza kulipwa baina ya dola 6 na 12 kwa mwezi hata kama ulemavu wake haukutokana na vita. Kufikia miaka ya 1890 watu waliokuwa wakilipwa walikaribia 1,000,000, na katika mwaka 1893 malipo hayo yalimeza zaidi ya sehemu mbili katika tano za mapato ya serikali kuu. Jengo kubwa la matofali mekundu lilijengwa mjini Washington, baina ya mwaka 1882 na 1887, kwa ajili ya makarani wa Idara ya Pensheni na majalada yao tu.

Katika vita hivyo waliandikishwa askari weusi wapatao 179,000, na wengi wao walikuwa watumwa hadi siku waliyovaa sare. Jeshini walibaguliwa waziwazi: hadi katikati ya mwaka 1864 askari mweusi alihesabiwa dola 10 kwa mwezi na kukatwa dola 3 za mavazi, hali mwenziwe mweupe alipata dola 13 na mavazi juu yake. Lakini sheria ya pensheni haikutaja rangi. Mguu wa mtu mweusi na mguu wa mtu mweupe vilipewa thamani moja. Mwanafunzi aweza kudhani kwamba hapa, angalau, ubaguzi ulikoma. La hasha! Wanahistoria waliochunguza majalada hayo wamethibitisha kwamba maombi ya askari weusi na wajane wao yalikataliwa mara nyingi zaidi kuliko ya weupe, na yalichukua muda mrefu zaidi kuamuliwa. Ni lazima tujiulize jambo hilo liliwezekanaje chini ya sheria isiyotaja rangi.

Jibu limo katika neno moja: ushahidi. Idara ilimtaka mdai athibitishe kwamba yeye ndiye yule aliyeandikwa katika daftari la kikosi. Athibitishe umri wake. Athibitishe kwamba maradhi yake yalianzia jeshini. Na kama ni mjane, athibitishe kwamba aliolewa na marehemu kwa ndoa halali na kwamba hakuwa na mume mwingine aliye hai. Kwa mkulima mweupe wa Ohio au Vermont, haya yalikuwa ni maswali ya kuandika barua mbili au tatu. Palikuwa na daftari la ubatizo kanisani, cheti cha ndoa sandukuni, na daktari wa kijiji aliyemjua tangu utotoni. Mtu aliyezaliwa utumwani hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na hakukosa kwa uzembe wake. Sheria za majimbo ya watumwa ndizo zilizomkataza kusoma, ndizo zilizoikana ndoa yake, ndizo zilizomwandika katika daftari la mali pamoja na nyumbu na majembe. Sasa dola ile ile iliyoziruhusu sheria hizo kwa miaka mingi ikamgeukia na kumwambia: lete karatasi zako.

Tuanze na jina. Mtumwa alijulikana kwa jina la bwana wake, na alipouzwa aliweza kupewa la bwana mwingine. Siku ya kuandikishwa jeshini karani aliuliza jina kwa haraka, akaandika lile alilolisikia, au lile la bwana. Vita vilipokwisha, wengi walilitupa jina hilo. Walichukua jina la baba, au la babu, au jina walilolichagua wenyewe kwa kuwa sasa walikuwa watu huru na kuchagua jina kulikuwa ni miongoni mwa matunda ya kwanza ya uhuru. Tendo hilo la heshima ndilo lililowaletea taabu miaka ishirini baadaye, kwa maana mtu mwenye majina mawili mbele ya karani wa pensheni alitazamwa kama mlaghai. Alitakiwa kuwatafuta askari wenzake wa kikosi kimoja, ambao nao walikuwa wametawanyika kutafuta kazi, waje waape kwamba huyu ni yule.

Kuhusu umri, mdai alieleza kwa matukio: alizaliwa msimu wa mavuno kabla bwana mzee hajafa, au alikuwa na kimo cha kuchunga ng'ombe mwaka wa mafuriko makubwa. Sisi tuliolelewa na wazee wanaohesabu miaka kwa njaa, nzige na vita vya Wajerumani hatuoni ajabu yoyote katika hesabu hiyo. Twajua kwamba mara nyingi ni sahihi kuliko kalamu ya karani mvivu. Lakini fomu ya serikali ilikuwa na nafasi ya tarehe, na tarehe ilitakiwa.

Suala la ndoa lilikuwa zito zaidi, na hapa inafaa tueleze kisa kimoja. Mwezi Aprili 1864 jeshi la waasi liliiteka ngome ya Fort Pillow katika jimbo la Tennessee na kuwaua kwa wingi askari weusi waliokuwa wakijisalimisha. Kamanda wa ngome, Meja Lionel Booth, mzungu, aliuawa pia siku hiyo. Mjane wake alikwenda Washington kuonana na Rais Lincoln, lakini hakwenda kujililia mwenyewe. Alieleza kwamba wajane wa askari weusi waliokufa pamoja na mumewe hawatapata chochote, kwa kuwa kwa sheria hawakuwa wake wa mtu. Tarehe 19 Mei 1864 Lincoln alimwandikia Seneta Charles Sumner akimtaka amsikilize mama huyo, na akaunga mkono rai kwamba wajane na yatima hao wahesabiwe kana kwamba ndoa zao zilikuwa halali. Mwezi Julai mwaka huo sheria ilirekebishwa: mjane wa askari mweusi aliweza kuthibitisha ndoa kwa ushahidi kwamba yeye na marehemu walitambuana kama mume na mke kwa miaka 2 kabla ya kuandikishwa. Mwaka 1866 sharti la miaka 2 likaondolewa. Tunaona, basi, kwamba kilichofungua mlango huo ni ushahidi wa mtu aliyekuwa na nafasi ya kusikilizwa, akaitumia nafasi hiyo kuwasemea wasiosikilizwa.

Tangu hapo neno la jirani likawa na nguvu ya cheti. Mkunga aliyemzalisha mama alikuja kuapa kuhusu umri wa mtoto. Mchungaji aliyewaombea wawili kambini aliapa kuhusu ndoa. Mpishi aliyekuwa mtumwa wa shamba moja na marehemu aliapa kuhusu jina. Wakati mwingine, na hili ni jambo la uchungu, mdai alilazimika kwenda kwa bwana wake wa zamani kumwomba athibitishe kwamba kweli aliwahi kummiliki. Idara ilituma wakaguzi maalumu vijijini kuwahoji mashahidi hao na kuandika maelezo yao. Baadhi ya wakaguzi waliwadharau mashahidi weusi na kuandika pembeni ya jalada kwamba hawaaminiki. Wengine walifanya kazi yao kwa uadilifu. Kwa vyovyote vile, maelezo hayo yamehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za taifa la Marekani, nayo ni miongoni mwa hazina kubwa kabisa za habari za maisha ya watumwa: nani alimwoa nani, nani aliuzwa wapi, wimbo gani uliimbwa mazikoni. Serikali ilikuwa ikiwasaka wadanganyifu, na bila kukusudia ikaandika historia ya watu ambao hawakuwa wameandikiwa historia.

Sasa tuje kwa wasaidizi. Asiyejua kusoma alihitaji mtu wa kumjazia fomu, kuandika hati ya kiapo, kuipeleka kwa ofisa wa mahakama, na kufuatilia majibu. Kazi hiyo ilizaa kundi la mawakala wa madai. Sheria iliwawekea kikomo cha malipo, nacho kuanzia mwaka 1864 kilikuwa dola 10 kwa dai moja. Wapo waliotosheka na kiasi hicho. Wapo pia walioiona neema: walimtoza mjane kwa kila barua, walimwambia hundi haijafika ilhali imo mfukoni mwao, au walimtia alama ya msalaba katika hati ambayo hakusomewa. Wizi huo ulienea kiasi kwamba mwaka 1867 serikali iliagiza malimbikizo ya askari weusi yapitie mikononi mwa Ofisi ya Watu Walioachwa Huru, iliyoongozwa na Jenerali Oliver O. Howard. Ofisi hiyo ilikuwa na kitengo cha madai kilichowaandikia watu maombi yao bila ya malipo. Hapo palikuwa na wazo jema sana: kwamba serikali inayotoa haki iweke pia mtu wa kumsaidia mnyonge kuidai. Kwa bahati mbaya Ofisi ilifungwa mwaka 1872, na kwa miaka mingi iliyofuata mnyonge akarudi kwa wakala, kwa mchungaji, au kwa jirani mwenye mwandiko mzuri.

Hakuna kisa kinachoonyesha mambo haya vizuri kama cha Harriet Tubman. Jina lake linajulikana. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland yapata mwaka 1822, na alipokuwa kijana msimamizi wa watumwa alirusha uzito wa chuma uliompiga kichwani. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake alishikwa na usingizi wa ghafla na maumivu ya kichwa. Mwaka 1849 alitoroka, kisha akarudi Kusini mara kwa mara, safari zipatazo 13, kuwatoa ndugu na jamaa zake. Wakati wa vita alikwenda Beaufort, South Carolina, akawa muuguzi, mpishi na kiongozi wa wapelelezi, na tarehe 2 Juni 1863 aliandamana na kikosi cha Kanali James Montgomery katika Mto Combahee ambako zaidi ya watumwa 700 walikombolewa kwa siku moja. Kwa miaka yote hiyo alilipwa takriban dola 200 tu, na sehemu ya fedha hizo akaitumia kujenga nyumba ya kufulia ili wanawake waliotoka utumwani wajifunze kujipatia riziki.

Alipokuwa akirudi nyumbani mwaka 1865, kondakta wa treni alikataa kwamba mwanamke mweusi angeweza kuwa na hati ya kusafiri ya jeshi. Alikokotwa na wanaume kadhaa hadi behewa la mizigo, na mkono wake ukaumizwa vibaya. Alifika katika mji wa Auburn, jimbo la New York, akiwa mlemavu, mwenye deni la nyumba na wazazi wazee wa kuwatunza.

Angedai vipi? Hakuwa askari kwa daftari lolote. Mpelelezi hufanya kazi kwa siri, na kazi ya siri haiachi karatasi nyingi. Hakujua kusoma wala kuandika. Ndipo raia wa Auburn walipojitokeza. Mwaka 1868 Charles P. Wood, mtu wa benki wa mji huo, alikaa naye na kuandika kwa utaratibu habari za utumishi wake, akikusanya hati chache alizokuwa nazo, miongoni mwake ruhusa ya kusafiri aliyopewa na Jenerali David Hunter. William Seward, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alimwunga mkono. Sarah Bradford aliandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1869, na mapato yake yakalipa deni la nyumba. Hata hivyo dai lilikataliwa. Mwaka 1874 ulipelekwa Bungeni muswada wa kumlipa dola 2,000, nao haukuwa sheria. Mtu angedhani kwamba ikiwa mwanamke mwenye sifa kama hizi, mwenye waziri na mwenye benki nyuma yake, anashindwa, basi mwanamke wa kawaida wa shamba la pamba hakuwa na matumaini yoyote.

Mlango uliofunguka mwishowe haukuwa ule aliobisha. Mwaka 1869 Tubman alikuwa ameolewa na Nelson Davis, mfyatuaji matofali, aliyekuwa askari katika kikosi cha 8 cha askari weusi. Davis alifariki mwaka 1888 kwa kifua kikuu. Sheria ya mwaka 1890 ilipotoka, mjane akaomba. Na hapa yale yote tuliyoyaeleza yakamkuta. Katika daftari la kikosi hapakuwa na Nelson Davis. Palikuwa na Nelson Charles. Charles lilikuwa jina la bwana wake, na Davis jina la baba yake. Ilibidi watafutwe watu waape kwamba wawili hao ni mmoja. Kisha ikabidi athibitishe kwamba mumewe wa kwanza, John Tubman, alikuwa amekwisha kufa kabla ya ndoa ya pili. Naye alikuwa ameuawa huko Maryland mwaka 1867. Barua zilikwenda na kurudi, viapo vikaapwa, na mwanamke yule akatia alama ya msalaba mahali pa sahihi. Mwezi Oktoba 1895, baada ya miaka 5, alikubaliwa dola 8 kwa mwezi pamoja na malimbikizo yaliyokaribia dola 500. Alilipwa kwa kuwa mke wa askari. Kwa yale aliyoyatenda mwenyewe hakulipwa hata senti.

Rafiki zake hawakuridhika. Sereno Payne, mjumbe wa Bunge kutoka Auburn, alipeleka muswada wa kumwongezea pensheni hadi dola 25, akitaja kazi yake ya uuguzi na upelelezi. Kamati ya Seneti ilisita. Wauguzi wa vita walikuwa wametengewa dola 12 kwa mwezi kwa sheria ya mwaka 1892, na wajumbe hawakutaka kuanzisha desturi ya kuzidisha. Walipojumlisha 8 za mjane na 12 za muuguzi, walipata 20, na hicho ndicho kiasi kilichopitishwa na kutiwa sahihi na Rais McKinley tarehe 28 Februari 1899. Upelelezi, ule wa Combahee, ulihesabiwa sifuri. Wako waliopata chini ya hapo: Susie King Taylor, mwalimu na muuguzi wa kikosi cha kwanza cha askari weusi wa South Carolina, hakupata pensheni yoyote ya uuguzi, kwani katika karatasi za jeshi aliandikwa kuwa mfuaji nguo.

Yafaa pia tumtaje Callie House, mfuaji nguo wa Nashville, Tennessee. Yeye na wenzake waliunda mwishoni mwa miaka ya 1890 chama cha kuwadai pensheni wale wote waliokuwa watumwa, si askari peke yao, kwa hoja kwamba mtu aliyetumikishwa bure ujana wake wote na sasa amekongoka ana haki kuliko yeyote. Wanachama walitoa michango midogo midogo, ikatumika pia kuwauguza wagonjwa na kuwazika wafu. Idara ya Pensheni na Idara ya Posta zikamwandama kwa miaka mingi kana kwamba yeye ndiye wakala mwizi. Mwaka 1917 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja kwa shtaka la kutumia posta kwa udanganyifu. Mawakala waliowaibia wajane kwelikweli ni wachache waliopata adhabu kama hiyo. Kwa maoni yangu, walimu wanaofundisha habari za Tubman wangefanya vema kumfundisha na House katika kipindi hicho hicho, maana mmoja alisaidiwa kudai chini ya sheria iliyokuwapo, na mwingine aliadhibiwa kwa kudai sheria ambayo haikuwapo.

Tubman aliishi kwa dola zake 20, na hakuishi peke yake. Nyumba yake ilijaa vipofu, wazee na yatima waliobisha hodi usiku na mchana. Alinunua kiwanja cha jirani ili apajenge makao ya wazee weusi wasiojiweza, akakikabidhi mwaka 1903 kwa kanisa lake, na makao yakafunguliwa mwaka 1908. Miaka michache baadaye aliingia humo yeye mwenyewe, akiwa hawezi tena kutembea, na humo akafariki tarehe 10 Machi 1913.

Malipo ya vita hivyo yaliendelea kwa muda ambao hakuna aliyeukadiria. Mtu wa mwisho kulipwa, binti wa askari mmoja, aliyestahili kwa sababu ya ulemavu wake tangu utotoni, alikufa mwaka 2020 akiwa bado anapokea dola 73 na senti 13 kwa mwezi. Na lile dai la Tubman nalo halikufungwa mwaka 1899. Wanafunzi wa shule moja ya mji wa Albany, jimbo la New York, waliposoma habari zake waliona hesabu ile ya 20 badala ya 25, wakamwandikia seneta wao. Mwaka 2003 Bunge la Marekani liliidhinisha dola 11,750, fidia ya upungufu wa tangu Januari 1899 hadi Machi 1913, na fedha hizo zikapelekwa kutunza nyumba yake huko Auburn.